Nilivyomnyima Mkwe Salamu kwa Ajili ya Dakika Tatu

Mliniacha nimesimama juu ya kiti cha plastiki katikati ya uwanja wangu, hapa Rhotia, simu sikioni, na yule dada wa kwenye simu ananiambia salio langu halitoshi.

Msomaji mmoja wa Mbulu ameniandikia. Anauliza, mwanamke wa miaka sabini na moja anapanda kiti kutafuta nini? Nilikuwa natafuta mtandao, mwanangu. Kwangu unashika hapo tu, na ukishuka kidogo unapotea.

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungia vitumbua, nikupe kwa ufupi.

Mimi ni Lukresia, mjane, nalima mahindi na maharage, nimesoma mpaka darasa la saba. Mjukuu wangu Penina nimemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki na baba yake alipokwenda machimboni asirudi. Amechumbiwa na Supeet, dereva wa watalii, mtoto wa mzee Tajewo wa Soitsambu, huko Loliondo. Wazee wa Soitsambu walipanga kuja kwangu Jumamosi kuzungumza mahari.

Sasa, mwanaume pekee wa ukoo anayeweza kuwapokea ni shemeji yangu Wilibrodi. Na Wilibrodi yuko Mang'ola, amekalia magunia yake ya vitunguu akisubiri lori. Harudi kabla ya Jumamosi jioni.

Wageni wakifika wakanikuta mimi peke yangu na mwiko, kuna mzee wao mmoja anaitwa Ngoyai. Huyo tangu siku ya kwanza anasema wakulima tunawadharau wafugaji. Atageuza watu wake hapo hapo uani, na ndoa ya Penina imekwisha.

Supeet mwenyewe angepeleka habari nyumbani kwao. Lakini alikuwa porini Serengeti na Wazungu wake, asipatikane mpaka mwisho wa wiki.

Kwa hiyo nilikuwa na maneno manne tu ya kufikisha Soitsambu. Msije Jumamosi, njooni Jumapili.

Maneno manne. Yalinichukua wiki nzima, na mpaka leo sijui kama yamefika.

*

Jumatatu nilikwenda Karatu kwa Germana, yule binti mwenye kibanda cha laini karibu na stendi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nataka dakika."

"Dakika ngapi?"

"Za maneno manne."

Germana akacheka mpaka mwavuli wake ukatikisika. "Bibi, bando halinunuliwi hivyo. Niambie kwanza: unampigia nani, yuko mtandao gani, na mkianza kuongea mnaongea muda gani? Kila mtu na bando la tabia yake."

"Nikishasema neno langu nakata."

"Una hakika?"

"Mwanangu, mimi ni Mwiraqw. Nikisema 'saita' moja, nimeshasalimia nyumba nzima na mbwa wao."

Akanipa kifurushi cha siku, dakika ishirini, mitandao yote. Akabonyeza nyota, akabonyeza tarakimu, akabonyeza reli, ujumbe ukaingia. Nikamtegea kitendawili pale pale, maana nilikuwa na furaha.

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Nimemnunua asubuhi akiwa mzima, kesho yake asubuhi amekufa bila kuugua."

"Kifurushi cha siku!"

"Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu kuwazika."

Nikarudi nyumbani, nikapanda kiti, nikapiga.

Lazima mjue simu ya Tajewo inakaa wapi. Bomani kwake mtandao haufiki, kwa hiyo simu inaning'inizwa kwenye mti wa miiba juu ya kilima, na anayekuwa karibu na mbuzi ndiye anayepokea. Siku hiyo alikuwa mke wake, Naeku.

"Takwenya, yeyo!" Ndivyo wanavyomsalimia mama mtu mzima.

"Iko!" nikaitikia. Penina alikuwa amenifundisha.

"Mko wazima huko?"

"Wazima. Naeku, mwambie mzee kwamba..."

"Watoto?"

"Wazima. Mwambie..."

"Wajukuu? Majirani? Padri wenu? Yule jirani aliyekuwa na mguu?"

"Mguu umepona."

"Mvua imenyesha? Mahindi yameota? Mbuzi?"

Nikajibu yote. Akanyamaza, na nikajua maana ya kunyamaza kule. Ilikuwa zamu yangu. Nikamuuliza na mimi watoto, wajukuu, majirani, mvua, nyasi. Akajibu kimoja kimoja, pole pole, kama mtu anayechagua mchele.

"Haya," akasema, "sasa ngoja nikuitie mzee."

Mzee alipofika alianza upya. Salamu nilizompa mke wake zilikuwa za mke wake.

"Takwenya, yeyo!"

Dakika ishirini zilikatikia kwenye ndama. Hata hatujafika Jumamosi.

Halafu akanibipu. Akabipu tena. Hana vocha yule mzee, hajawahi kuwa nayo, lakini alitaka nimpigie tumalizie ndama.

*

Jumanne, kwa Germana tena.

"Bibi, ulisema unakata haraka."

"Siyo mimi. Ni wakwe. Wanasalimia kwa utaratibu."

"Hiyo ndiyo tabia ninayokuuliza sasa! Tunatafuta bando la mtu anayesalimia." Akaniangalia. "Laini ya huyo mkwe ni ya mtandao wetu huu?"

Nyuma yake kulikuwa na karatasi imebandikwa: dakika sitini, bei ile ile ya zile ishirini. Chini kwa maandishi madogo: mtandao mmoja.

Ungamo langu la kwanza wiki hii ni hili. Nilijua laini ya Tajewo ni ya mtandao mwingine. Nilijua kabisa. Lakini sitini! Macho yangu yaliona sitini na moyo ukasema, Lukresia, nani atapima?

"Ndiyo," nikasema. "Mtandao huu huu."

Iliyopima ni mashine. Nilipanda kiti, nikapiga, yule dada akaniambia salio halitoshi, akaniambia tena kwa Kiingereza nisije nikadhani ananionea.

Nikawa na dakika sitini ambazo hazifiki Soitsambu, na zinaoza usiku huo huo. Ningefanyaje? Nikampigia kila mtu mwenye laini kama yangu. Nikampigia fundi cherehani wa Karatu kumuuliza hali yake. Nikampigia Angelina, jirani yangu, kiongozi wa kwaya, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya ua wa minyaa. Tuliongea dakika arobaini tukiwa tunatazamana, mimi juu ya kiti changu na yeye juu ya ndoo yake.

"Unasikia vizuri?" akauliza.

"Nakusikia mara mbili," nikamwambia.

*

Jumatano niliuza mayai. Germana akafikiri.

"Bibi, tuache kuongea. Tutume ujumbe. Hapa kuna kifurushi cha meseji mia tano. Andika maneno yako manne, yaende, hakuna wa kukuuliza habari za mbuzi."

Nilimbariki. Nikaandika kwa kidole changu cha shamba: MSIJE JUMAMOSI NJOONI JUMAPILI. Nikatuma. Hakuna jibu. Nikatuma tena. Kwa kuwa nilikuwa nazo mia tano, nikatuma mara arobaini, na nyingine tatu za kuomba radhi kwa zile arobaini.

Jioni Penina alitoka kazini kwake, jikoni kwenye loji, akanikuta bado natuma.

"Bibi, unamtumia nani?"

"Baba mkwe wako."

"Baba Supeet hasomi."

"Na Naeku?"

"Hasomi."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Baadaye nilikuja kusikia kwamba huko kilimani simu ilikuwa ikilia kama kifaranga aliyepotea mama, mfululizo, mpaka mbuzi wakaacha kula. Mpita njia mmoja aliihurumia, akaifunika kwa blanketi.

*

Alhamisi asubuhi nilibaki na shilingi mia tano. Germana alizishika, akazigeuza, akanipa kifurushi kidogo kuliko vyote alivyonavyo. Dakika tatu.

"Bibi, nisikilize. Ukipiga, ruka salamu."

"Niruke nini?"

"Salamu. Akipokea tu, sema maneno yako manne. Ukimaliza, kata."

"Germana, huyu ni mkwe mwenzangu! Ni sawa na kuingia nyumbani kwake kwa dirisha!"

"Basi nunua bando kubwa."

"Na hela?"

"Basi ruka."

Nilipanda kiti. Nilikuwa nimefanya mazoezi na kuku. Simu ikaita mara moja tu, akapokea Tajewo mwenyewe. Kumbe tangu Jumatatu alikuwa akipanda pale kilimani kila siku kusubiri tumalizie ndama.

"Takwenya, yeyo!"

Sikuitikia.

Niseme tena, mwelewe ukubwa wa jambo. Mkwe mwenzangu, mtu mzima, alinisalimia, nami sikuitikia.

"Tajewo," nikasema, nahema kwa woga, sauti inakatika, "msije Jumamosi, njooni Jumapili."

Nikasikia kengele za mbuzi.

"Yeyo," akasema taratibu, "hukuitikia."

"Muda hakuna, baba."

"Watu wako..." Akasita. "Watu wako wote wapo?"

"Nitakueleza mkifika."

Nikakata. Nikaangalia salio: zimebaki dakika mbili kasoro. Nilishuka kwenye kiti nikacheza. Penina akatoka kuangalia kulikoni, nikamshika mikono tukazunguka.

"Yamefika, Penina! Maneno yote manne!"

"Amesemaje?"

"Amenyamaza kwa heshima."

Ijumaa asubuhi nilibeba debe moja la maharage mpaka Karatu, nikaliuza, nikaenda kwa Germana na hela kamili. Sikutaka kuaibika tena siku ya harusi. Na Germana, nimsifu, alifanya kazi yake. Aliniketisha, akachukua kalamu.

"Bibi, wiki hii nimekujua. Wewe hupigi mara nyingi, lakini ukipiga unaongea saa nzima. Watu wako wako mitandao tofauti. Vifurushi vya siku vinakuua, kwa sababu vinakufa kabla hujafika kwenye neno. Meseji huna wa kuzisoma. Wewe bando lako ni la mwezi, mitandao yote, dakika mia nne. Ungenisikiliza Jumatatu ungekuwa umepata kwa hela hizo hizo."

"Mia nne zinatosha kusalimia Soitsambu?"

"Soitsambu na Loliondo yote."

Nyota, tarakimu, reli. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kifurushi kinachonitosha kama gauni la fundi. Nilirudi Rhotia nimenyoosha shingo.

*

Saa kumi jioni lori lilisimama mbele ya nyumba yangu.

Lilikuwa lori la kubebea mifugo. Nyuma walisimama watu kama ishirini, wamejifunga shuka zao, wamejaa vumbi la Ngorongoro toka nywele mpaka kandambili. Katikati yao alikuwa ng'ombe dume mnene. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyecheka. Walishuka mmoja mmoja, kimya, wakainamisha vichwa.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Naeku. Hakusema takwenya. Alinikumbatia akaanza kulia.

"Naeku, mama, kuna nini?"

"Usijikaze, yeyo. Lia."

Kwa ng'ambo ya minyaa nikasikia ndoo ikianguka. Angelina alikuwa ameona. Alikuja mbio huku anajifunga kanga ya pili kiunoni.

"Bibi Penina! Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini?"

"Msiba!"

"Msiba wa nani?"

"Hata mimi nauliza!"

Na hakusubiri jibu. Alisimama upande wa wanawake akaanzisha wimbo wa kuaga marehemu, sauti ya kwanza. Ndani ya dakika chache walikuwa wamefika wenye sauti ya pili na ya tatu. Mwenyekiti wa kitongoji akaleta turubai. Mtu akaleta kuni. Mtu mwingine, namshukuru lakini simjui, akaleta unga kilo kumi. Nilikuwa na msiba mkubwa kuliko wa marehemu mume wangu, na sikuwa na maiti.

Tajewo akanisogelea. Mzee mrefu, macho mekundu kwa safari.

"Yeyo. Tulipokusikia jana, tuliondoka hapo hapo. Tumelala njiani."

"Nilisema Jumapili, baba."

"Ulisema. Lakini mtu anayepokea salamu bila kuitikia, huyo amefiwa. Kwetu hakuna kingine kinachoweza kumzuia mtu kuitikia. Nikawaambia wenzangu, yule mama amechanganyikiwa, anataja siku kwa kubahatisha. Twendeni."

Nikakaa kwenye kile kiti.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Penina, aliyekuwa amerudi mapema kutoka kazini, akatoka na kisu na kiazi nusu kimemenywa.

Naeku akapiga yowe. "Yuko hai!"

"Nani?" akauliza Penina.

"Wewe!"

Wakamkumbatia, wakambusu kichwa, wakamshika mashavu. Kiazi kilipotelea kwenye shuka za watu. Kumbe njia nzima, Soitsambu mpaka geti la Ngorongoro mpaka Rhotia, walikuwa wakimlilia yeye.

Halafu wakaanza kunyamaza, mmoja mmoja. Kwa nyuma alitoka mzee Ngoyai. Mfupi, fimbo kwapani, jicho moja dogo kuliko jingine.

"Binti yuko," akasema. "Tumshukuru Mungu. Basi ni nani?"

Kwaya ikakata wimbo.

"Yeyo, nakuuliza kwa heshima. Umemkatia Tajewo salamu. Aliyekufa ni nani?"

Wasomaji wangu, nilitafuta mtu. Mungu anisamehe, nilipita nyumba hadi nyumba kichwani. Lakini utamsema binadamu gani amekufa, naye anakula ugali? Nilimtazama Penina, akanitingishia kichwa. Alikuwa ameshaelewa.

Ningesema hakuna. Nikaangalia ule uso wa Ngoyai, nikaona anangojea hasa hilo ili aseme: Hakuna aliyekufa, basi alituruka tu. Hakuona sababu ya kutuitikia. Niliwaambia wakulima hawa wanatudharau. Angewapandisha watu wake kwenye lori, na yule dume, na Penina wangu angebaki na kiazi.

Ungamo la pili ndilo hili.

"Ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu. Malkia."

Angelina akafungua mdomo. "Malkia? Si asubuhi hii nimem..."

Nikamkanyaga mguu. Akamalizia kwa kulia.

Nilitegemea Wamasai wacheke. Hakuna aliyecheka. Tajewo alivua kofia yake ya sufi. Wanaume wakachuchumaa.

"Rangi gani?" akauliza Tajewo.

"Mweusi. Baka jeupe usoni."

"Wa maziwa?"

"Lita sita kwa siku."

"Alikuwa na mimba?"

Malkia ana mimba ya miezi saba. Nikajibu ukweli, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. "Miezi saba."

Ngoyai akafumba macho. Alipoyafumbua, lile jicho dogo lilikuwa limelowa.

"Nimekosea," akasema mbele ya watu wote. "Nilisema watu hawa ng'ombe kwao ni jembe la kukokota tu. Kumbe mwanamke anaweza kufiwa na ng'ombe mpaka ulimi ukashindwa kuitikia salamu. Hawa ni watu. Ndoa hii naitaka mimi mwenyewe."

Akanishika mkono. Kwa mikono miwili.

Hapo nilitakiwa kuzimia. Sikuzimia, nikasema ahsante.

Tajewo akasimama. "Yeyo, nakupa mtamba. Utakuja kabla ya harusi."

"Na mimi mtamba," akasema Ngoyai.

"Na mimi ndama jike," akasema wa tatu.

Ng'ombe wa ahadi wakafika sita. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anapiga makofi. Tajewo akajipapasa shuka.

"Simu yetu tumemwachia Kisioki, mdogo wangu, kule kilimani. Nataka nimwambie awatenge sasa hivi, kesho asubuhi waanze kutembea. Yeyo, simu yako ina dakika?"

Kabla sijapata uongo mwingine, mtu mwema akajibu kwa niaba yangu. Alikuwa Germana, amekuja na bodaboda toka Karatu kunipa pole.

"Anazo, mzee! Mia nne! Nimemuwekea mimi mwenyewe leo. Ongea mpaka uchoke."

Tajewo akapandishwa juu ya kiti changu cha plastiki, watu wawili wakashika miguu ya kiti. Simu ikaita. Ikapokelewa.

"Supai, Kisioki!"

Ngoyai akajiegemeza kwenye fimbo. "Akimaliza kuongea," akaniambia kwa upole kabisa, "utatuonyesha ngozi. Nataka nijue ni ugonjwa gani. Isije ikawa ule unaoambukiza, ukawamaliza na hawa tunaokuletea."

"Ngozi," nikasema.

"Ngozi, yeyo. Usifanye haraka. Akimaliza salamu."

*

Nilisema nakwenda kuchukua chumvi. Nilipita jikoni, nikachukua panga, nikatokea nyuma.

Malkia alikuwa bandani kwake anatafuna majani ya mahindi. Alinitazama. Ana macho makubwa yule ng'ombe, ya mtu anayekujua. Tumbo lake likacheza upande mmoja, mtoto amejigeuza.

Kutoka mbele ya nyumba nilimsikia Tajewo. Watoto wa Kisioki walikuwa wazima. Wake walikuwa wazima. Alikuwa amefika kwa majirani.

"Bibi."

Penina alikuwa mlangoni mwa banda.

"Unafanya nini na panga?"

"Nataka ngozi tu."

"Ngozi iko na mwenyewe ndani!"

"Usipige kelele. Utawaita."

"Bibi, waambie ukweli."

"Ukweli upi? Kwamba nilimnyima baba mkwe wako salamu kwa ajili ya shilingi mia tano?"

"Huo huo."

"Ngoyai amelia leo, Penina. Amenishika mkono. Nikimwambia alilia bure, unadhani lori litakaa hapa hata dakika moja?"

"Liende."

"Na Supeet?"

Alitazama chini, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka sita. Halafu akaingia bandani, akajisimamisha kati yangu na Malkia, akaishika kamba kwa mikono miwili.

"Sitaki kuolewa kwa ngozi ya Malkia," akasema. "Huyu ndiye aliyenisomesha. Ada yangu yote ilikuwa maziwa yake."

"Unadhani sijui? Ni mimi niliyekamua."

"Basi shusha panga."

Mbele ya nyumba mbuzi walikuwa wazima. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo upande wa chini. Nilikuwa nimezisikia salamu zile wiki nzima, nazijua kama rozari. Baada ya mvua ni nyasi. Baada ya nyasi ni ndama. Baada ya ndama hakuna kingine.

"Nyasi?" Tajewo aliuliza. Kisioki alijibu kitu kirefu.

Niliomba mtandao ukatike. Niliomba kiti kivunjike. Niliomba dakika mia nne ziishe mara moja kama zilivyokuwa zikiisha zote nilizowahi kununua. Lakini mara hii nilikuwa nimenunua kifurushi changu sawasawa.

"Bibi, shusha," akasema Penina.

"Ndama?" akauliza Tajewo.

Panga lilikuwa limeshanyanyuka, na mikono ya Penina ilikuwa imezunguka shingo ya Malkia, nami sikuwa nimejua bado mkono wangu utakwenda wapi.

Kule mbele ya nyumba, salamu zikaisha.